Vipele Vyeupe Usoni: Mwongozo Kamili wa Kuvitambua, Kuviondoa na Kuvizuia Visirudi

Kabla hujaendelea kusoma, toa kucha usoni kwanza.

Nauza dawa Majengo, Mombasa, na mteja wa vipele vyeupe namjua kabla hajafungua mdomo. Chini ya jicho ana kidonda kibichi au baka jeusi, na maneno ni yale yale: "Dada, nimekikamua hadi damu imetoka, lakini chenyewe hakitoki." Wiki mbili baadaye anarudi na kipele kile kile, sasa kimezungukwa na weusi. Amejitahidi sana, ila ametibu chunusi ilhali hana chunusi.

Kazi kubwa iko kwenye hatua ya kwanza. Ukiiruka, hatua nyingine zote zitakupotezea pesa.

## Vitu vya kuandaa

- Kioo, na mwanga wa mchana wa dirishani. Taa ya bafuni huvifanya vipele vyote vifanane.
- Simu ya kupigia picha.
- Sabuni laini ya uso, isiyo na manukato makali wala chembechembe za kusugulia.
- Losheni nyepesi, iliyoandikwa kuwa haizibi vitundu vya ngozi.
- Losheni ya kukinga jua, SPF (kipimo cha nguvu ya kinga) 30 au zaidi.
- Taulo ndogo ya uso, yako peke yako, na foronya mbili za kubadilisha.
- Dawa moja ya kupaka. Usiinunue bado, hatua ya 1 ndiyo itakayokwambia ni ipi.
- Miezi mitatu. Hii kemisti hatuna.

Usivyovihitaji: sindano ya kushonea, pini ya ushungi, dawa ya meno, magadi na ndimu. Ndimu naitaja kwa makusudi. Maji yake yakibaki kwenye ngozi kisha ukatoka juani, ngozi huungua na kutoa malengelenge, halafu huacha weusi wa miezi.

## Hatua ya 1: Kijue kipele chako

Simama dirishani asubuhi, uso mkavu, bila kitu chochote ulichopaka. Ivute ngozi pembeni ya kipele taratibu kwa vidole viwili, kisha kiguse kwa ncha ya kidole.

Kigumu kama chenga ya mchele. Ni cheupe au cheupe cha maziwa, upana wake milimita 1 au 2, hakiumi, hakiwashi, hakina tundu wala wekundu. Hukaa chini ya macho, kwenye kope, juu ya mashavu, pembeni ya pua. Madaktari huviita milia, na usifikirie ile ya punda. Jina limetoka kwenye neno la Kilatini la mtama, na ukikitazama vizuri utaona kwa nini.

Hiki ndicho kipele kinachowashinda watu. Ndani yake hamna usaha wala mafuta. Mna keratini, yaani kitu kile kile kilichojenga kucha na nywele zako. Ngozi hujibandua kidogo kidogo kila siku, na mara nyingine chembe zake hukwama chini ya ngozi mpya, zikajiviringa zikawa kidonge kigumu kilichofunikwa kabisa. Hakina mlango. Ukikikamua, unachopasua ni nyama nzima iliyo pembeni yake, na kidonge kimekaa pale pale kinakutazama.

Laini kidogo, kwenye paji la uso, kidevu au mgongoni. Ngozi ukiivuta kinaonekana zaidi, na jirani zake kuna vyeusi au vyekundu vyenye maumivu. Hiyo ni chunusi iliyofunga mdomo. Ina tundu, ila limezibwa na mafuta na seli zilizokufa.

Vidogo vidogo vingi, vimetoka kwa pamoja, vinachoma kama sindano. Shingoni, kifuani, chini ya matiti, kwenye mikunjo ya viwiko. Hiyo ni harara, na mwenyeji wa Mombasa hahitaji kufundishwa harara wakati wa kaskazi. Jasho limekosa njia ya kutoka. Vingine huwa na maji meupe kama ya umande, vingine ni vyekundu, na vikikaa sana hupata kichwa cheupe.

Vyote saizi moja, vinawasha, kwenye paji la uso, kifua na mabega. Hivi huwadanganya hata wauzaji wa dawa. Si chunusi. Ni hamira aina ya malasezia, ambayo huishi kwenye ngozi ya kila mtu, imeingia kwenye vitundu vya nywele ikazaana. Chakula chake ni mafuta. Ndiyo maana mtu anayepaka uso mafuta ya nazi asubuhi na jioni huona kila akizidisha, vipele navyo vinazidi.

Vinakwaruza, nyuma ya mikono na kwenye mapaja. Ngozi imekuwa kama ya kuku aliyenyonyolewa. Mara nyingi ni jambo la ukoo. Muulize mama au shangazi, utaona.

Vina kitovu katikati. Duara, vinang'aa kama lulu, na juu pana kishimo. Hivi huletwa na virusi viitwavyo moluska, na huambukiza kwa kugusana, kwa taulo na kwa kujikuna. Watoto hupata sana, na kwa kawaida huondoka vyenyewe, ila huchukua miezi 6 hadi 12, pengine zaidi. Mtu mzima akiviona sehemu za siri, mara nyingi njia ya maambukizi huwa ni kujamiiana. Vikimjaa mtu mzima usoni, aende hospitali na apime pia virusi vya Ukimwi, kwa sababu kinga ikishuka vipele hivi hushamiri.

Viwili vya mwisho nitavipita haraka. Vichembe vya rangi ya maziwa au njano kwenye midomo, vimejipanga bila maumivu, ni tezi za mafuta za kawaida, viache. Vibaka laini vya manjano kwenye kope, karibu na pua, huenda vinatokana na kolesteroli, kwa hiyo kapime damu.

*Utajua umefaulu* ukiweza kusema kwa sentensi moja kipele chako ni kipi na kwa nini si kile kingine. Usipoweza, usinunue kitu. Nenda hatua ya 2, kisha rudi.

## Hatua ya 2: Piga picha, kisha acha kila kitu kwa wiki mbili

Piga picha tatu dirishani: mbele, kulia, kushoto. Andika tarehe.

Halafu weka kando krimu zote, mafuta ya mgando, mafuta ya nazi, poda, na singo ya kusugua uso. Bakia na sabuni laini, losheni nyepesi na kinga ya jua, basi. Ukiona vipele vinazidi wakati umeacha kila kitu, nenda kwa daktari usingoje wiki mbili ziishe.

Sababu ni kwamba harara na muwasho wa vipodozi mara nyingi huondoka vyenyewe ukiviondolea kinachovilisha. Vinavyobaki baada ya siku 14 ndivyo vinavyohitaji dawa. Bila hivyo utatibu vitu vitatu kwa wakati mmoja na hutajua kilichosaidia.

Tahadhari moja kubwa. Kama umekuwa ukipaka krimu ya kung'arisha au mkorogo wa kuchanganyiwa mtaani, usiache ghafla bila kumwona daktari. Nyingi huwekwa steroidi (dawa za kutuliza uvimbe) kali kama klobetasoli, na ngozi iliyozizoea ikinyimwa huvimba, huwaka moto na kutoa vipele vibaya zaidi. Steroidi hizo hizo zikipakwa muda mrefu hufanya ngozi iwe nyembamba na huleta chunusi na milia. Mtu anachubua uso apate weupe, anapata chenga.

## Hatua ya 3: Osha, usisugue

Mara mbili kwa siku inatosha. Ukitoka kwenye joto la feri ya Likoni umelowa jasho, ongeza mara moja kwa maji matupu.

Lowesha uso, paka sabuni kwa ncha za vidole kwa nusu dakika, suuza, kausha kwa kugusagusa taulo. Usitumie dodoki usoni, wala sabuni ya kufulia. Ngozi ikichubuliwa hujikinga kwa kuwa nene, na unene ndio unaofungia vile vidonge ndani.

Sasa maji. Nyumba nyingi hapa zinatumia maji ya kisima yenye chumvi. Sabuni haitoi povu vizuri humo, na utando wake hubaki usoni ukaukausha na kuuwasha. Kuoga nayo si neno, lakini weka kikombe kimoja cha maji matamu, yale ya mtungi wa mkokoteni, yawe ya kumalizia kusuuza uso. Kuna wateja niliowapa ushauri huu tu bila kuwauzia chochote, nikapoteza biashara.

*Utajua umefaulu* ngozi isipokaza wala kuteleza dakika kumi baada ya kuosha.

## Hatua ya 4: Dawa, kila kipele na yake

### Milia

Chaguo la kwanza ni kuviacha. Si uvivu. Havina madhara, haviambukizi, na vingine hujitokea vyenyewe baada ya wiki au miezi.

Ukitaka kuharakisha, tumia jeli ya adapalini ya asilimia 0.1. Ni ya jamii ya retinoidi, na kazi yake ni kuhimiza ngozi ijibandue kwa utaratibu, ili kifuniko cha kidonge kipungue unene mpaka kidonge kitoke. Itumie hivi:

1. Jaribu kwanza mahali padogo chini ya taya, usiku tatu. Kukiwaka sana au kukivimba, acha.
2. Osha uso usiku, ngoja dakika 20 ukauke kabisa. Ngozi mbichi hunyonya dawa kupita kiasi na huungua.
3. Chukua kiasi cha punje moja ya mbaazi kwa uso mzima. Ndiyo, uso mzima. Punje mbili haziponyi mara mbili, zinachubua mara mbili.
4. Usivuke mfupa wa chini ya jicho. Kope, pembe za pua na midomo usiviguse.
5. Paka losheni nyepesi juu yake.
6. Anza usiku mbili kwa wiki. Ngozi ikizoea baada ya wiki mbili au tatu, fanya usiku mmoja ndiyo, mmoja siyo.

Wiki za mwanzo ngozi itakauka na kujibandua kidogo, pengine hata kuonekana mbaya zaidi. Hapo ndipo wengi hutupa dawa. Matokeo huanza kuonekana wiki ya 8 hadi ya 12.

Mjamzito, anayetafuta mimba au anayenyonyesha asitumie retinoidi yoyote bila daktari. Na asubuhi kinga ya jua ni lazima, kwa kuwa dawa hii huifanya ngozi iwe rahisi kuungua.

Milia ya kwenye kope haina dawa ya kupaka nyumbani. Ruka hadi hatua ya 5.

### Chunusi iliyofunga

Adapalini hiyo hiyo, kwa utaratibu huo huo, au asidi ya salisiliki ya asilimia 2, ambayo huyeyuka ndani ya mafuta na kuzibua tundu. Usianze zote mbili pamoja. Zikiwepo nyekundu zenye usaha, benzoili peroksaidi ya asilimia 2.5 hadi 5 husaidia, ila hutoa rangi kwenye kitambaa, kwa hiyo usilalie foronya ya maua wala kujifuta na leso yako nzuri. Mjamzito aulize kuhusu asidi ya azelaiki.

### Harara

Hapa dawa ni hewa. Oga maji ya baridi, vaa pamba pana, lala mahali pana feni, paka kalamini panapochoma. Ndani ya buibui usivae nguo ya nailoni. Usipake mafuta ya aina yoyote, hata ya nazi, hata kama bibi amesisitiza; yanaziba njia ya jasho ambayo tayari imeziba. Siku mbili tatu za ubaridi kwa kawaida zinatosha.

### Vipele vya malasezia

Shampuu ya ketokonazoli ya asilimia 2, ile ya mba. Paka kwenye kifua na paji la uso, acha dakika tano, suuza. Fanya mara tatu kwa wiki kwa wiki tatu hivi. Mafuta ya nazi yarudi kwenye wali na samaki wa kupaka.

### Ngozi ya kuku

Losheni yenye yurea ya asilimia 10 hadi 20 au asidi ya laktiki, kila ukitoka kuoga, ngozi ikiwa bado na unyevu. Italainika. Ukiacha, itarudi.

### Moluska

Usikamue, maana ule ute ndio wenye virusi. Funika kwa nguo, tenga taulo, mkate mtoto kucha. Vikiwa vingi au vimekaribia jicho, daktari.

## Hatua ya 5: Kutolewa na mwenye ujuzi

Milia sugu hutolewa kwa dakika chache. Daktari wa ngozi au mhudumu aliyefunzwa husafisha mahali, hukwangua kifuniko kwa ncha ya sindano tasa, kisha hukisukuma kidonge kikatoka kizima, cheupe, kigumu, kama chenga kweli. Tundu hufunga ndani ya siku chache.

Uliza mambo mawili kabla hujakaa kwenye kiti. La kwanza, sindano ifunguliwe mbele yako, kutoka kwenye pakiti yake. Sindano ya kushirikiana huleta homa ya ini na virusi vya Ukimwi, na saluni yenye kiyoyozi haibadilishi hilo. La pili, wanatumia njia gani. Kugandisha kwa baridi kali kunaweza kuiachia ngozi nyeusi doa jeupe la muda mrefu, kwa hiyo kwa rangi zetu sindano ni salama zaidi. Cha kwenye kope kitolewe na daktari tu.

Ratibu pia tarehe. Alikuja bibi harusi mtarajiwa siku ya Alhamisi, nikaha Ijumaa, anataka milia minne iondoke chini ya macho. Somo wake alikuwa tayari ameshika pini. Nikamwambia: mwanangu, chenga nne zinafichika kwa wanja na poda, vidonda vinne havifichiki hata kwenye picha za simu mbovu. Fanya jambo hili angalau wiki tatu kabla ya shughuli.

Baada ya kutolewa: paka mafuta ya mgando kidogo juu ya tundu tu, kinga jua, usipake adapalini hapo kwa wiki moja.

## Mtoto mchanga: usiguse

Karibu nusu ya watoto wanaozaliwa huwa na vipele hivi vya milia puani, mashavuni na kidevuni. Wengine huwa navyo hata kwenye kaakaa na fizi, kama lulu ndogo. Huondoka vyenyewe ndani ya wiki chache. Usivisugue kwa kitambaa, usivikwangue kwa chumvi, usimpake mafuta mazito usoni. Wanja wa kienyeji nao umwache. Baadhi yake una madini ya risasi, ambayo ni sumu kwa mtoto.

Mtoto akiwa na malengelenge ya usaha, joto la mwili, au amekataa kunyonya, hilo ni jambo jingine. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.

## Hatua ya 6: Visirudi

Kuna watu wenye ngozi ya kutoa milia, na vichache vitarudi hata wafanyeje. Wengi wetu lakini tunavikaribisha wenyewe.

Mafuta mazito ya mgando chini ya macho kila usiku ni kosa namba moja. Ngozi ya pale ni nyembamba kuliko kote usoni. Weka losheni nyepesi, tone moja. Vipodozi vioshe kabla ya kulala, hata kama shughuli imekwisha saa nane za usiku. Foronya badilisha mara mbili kwa wiki wakati wa kaskazi, Desemba mpaka Machi, kwa sababu jasho na mafuta ya nywele huishia mle. Anayevaa nikabu aifue kama anavyofua nguo ya ndani, na aivae ikiwa kavu.

Liwa, ule unga wa mti wa kunukia wa kupaka usoni, sina ugomvi nayo, mradi isuuzwe vizuri ikiwa bado laini. Ikikaukia usoni ukaibandua kwa kusugua, unarudi kwenye habari ya ngozi kuchubuka. Singo ni ya mwili.

Kinga ya jua ipake kila asubuhi, hata siku za mawingu ya kusi. Jua la miaka huifanya ngozi iwe nene, na milia hupenda ngozi iliyoharibiwa na jua. Ukiungua kwa mafuta ya kukaangia au kwa mvuke wa sufuria, usishangae pia kuiona pale pale kovu linapofunga; hiyo huondoka polepole.

Na lile baka jeusi ulilolipata kwa kukamua? Hufifia kwa miezi, si kwa siku, na hufifia tu kama halipigwi jua na halikamuliwi tena.

## Lini uache haya yote uende kwa daktari

Nenda ukiona kipele kinakua haraka, kinatoka damu bila kuguswa, kina rangi zaidi ya moja, au kimekaa kidonda kwa zaidi ya mwezi. Nenda vikitoka ghafla vingi mno pamoja na homa au kukonda. Nenda jicho likiwa jekundu au linauma. Nenda pia ukimaliza wiki 12 za utaratibu huu na picha za leo zinafanana na zile za kwanza.

Siku ya kwenda usipake kitu usoni asubuhi. Chukua picha zako zenye tarehe, na utie ndani ya mkoba kila krimu uliyowahi kupaka, pamoja na ile unayoificha nyuma ya kabati.